Miaka 11 ya kuungama kitu ambacho si dhambi

Tangu nina miaka 16 mpaka nimefika 27, kila nikipiga magoti kwenye kiti cha maungamo nilikuwa na sentensi moja niliyoikariri, naitanguliza haraka kabla ujasiri haujaniishia: "Padri, navutiwa na wanaume wenzangu." Basi. Baada ya hapo naongezea vidhambi vya kujazia, sikusali asubuhi, nilikasirika, nilisinzia kwenye Misa, alafu nasubiri malipizi. Mapadri walikuwa tofauti na majibu yao tofauti. Mmoja alinifokea mpaka waliokuwa kwenye foleni nje wakageuka kuangalia, mwingine aliniambia nifunge siku 9, mwingine akasema tafuta mchumba mapema itaisha yenyewe. Kwa wote hao nilitoka na uzito ule ule nilioingia nao, maana ukiungama kitu leo alafu kesho ukaamka bado unacho, tena hujakifanya, unacho tu kama ulivyo na urefu wako, taratibu unaanza kuamini kwamba maondoleo hayafanyi kazi kwako au wewe mwenyewe ndiyo dhambi.

Jumamosi moja ya Kwaresima nikamkuta padri mzee sana ambaye sikuwahi kumuona kabla wala baada ya hapo. Nikasema sentensi yangu. Akauliza, "Umefanya nini?" Nikamwambia sijafanya kitu Padri, ndivyo nilivyo. Akavuta pumzi. "Hiyo siyo dhambi mwanangu. Dhambi ni kitu umekifanya, umekisema, umekiwaza ukakikubali, au wajibu umeuacha. Sasa niambie dhambi."

Nikanyamaza. Ule wavu kati yetu ulikuwa na tundu moja limepanuka usawa wa jicho langu, kama vile watu miaka na miaka wamekuwa wakilichokoa kwa kidole wakati wanatafuta maneno, na kupitia hilo tundu nikaona mkono wake umeshika ncha ya stola, vidole vinatetemeka kwa uzee. Alisubiri. Sijawahi kusubiriwa na mtu namna ile. Mwisho akauliza tena kwa upole, "Huna nyingine?"

Nilikuwa nayo, kubwa kweli kweli. Miezi 4 nyuma nilikuwa nimemvisha binti wa watu pete ya uchumba, huku najua kabisa moyoni mwangu simpendi vile alivyokuwa anaamini nampenda. Na katika zile Jumamosi zote sikuwahi hata mara moja kulitaja jina lake kwenye maungamo. Sikuiona hata kama dhambi, niliiona kama dawa.

Sikumwambia yule mzee. Alinipa baraka, akasema nirudi nikishaijua, nikatoka.

Nataka kueleza vizuri hapa kwa sababu nikisoma mijadala ya watu kuhusu mashoga na Kanisa Katoliki, pande zote mbili zinapigania swali moja tu, inaruhusiwa au hairuhusiwi, na mimi swali hilo halikunivunja. Kilichonivunja ni aibu. Aibu ilinipofusha, nikawa naona kitu kimoja tu ndani yangu, na kumbe nyuma ya hicho kitu kimoja kulikuwa na uongo, na ukatili wa kimya kimya, na mtu aliyekuwa anaumia pembeni yangu nisimuone.

Nikaenda kuisoma mwenyewe Katekisimu, kile kitabu cha mafundisho ya Kanisa. Namba 2357 niliijua kwa kichwa, ndiyo inayohubiriwa: matendo ya ngono kati ya watu wa jinsia moja yamepotoka kwa asili yake na hayawezi kuhalalishwa. Namba 2358 sikuwahi kuisikia ikisomwa mimbarini hata siku moja, nayo inasema watu wenye mwelekeo huu wapokelewe kwa heshima, huruma na upole, na kila dalili ya kuwabagua isivyo haki iepukwe. Alafu 2359 inatuita kwenye usafi wa moyo, tukisaidiwa na urafiki usio na ubinafsi, sala na neema ya sakramenti. Namba tatu zinafuatana. Mimi nililelewa na ya kwanza tu.

Kuna jambo lingine kuhusu hiyo 2358 ambalo lilinikaa sana. Katekisimu ilipotoka mara ya kwanza mwaka 1992, namba hiyo ilikuwa na sentensi inayosema kwamba watu hawa hawaichagui hali yao. Ilipotoka nakala rasmi ya Kilatini mwaka 1997 ile sentensi ikawa imeondolewa, mahali pake pakawekwa kwamba mwelekeo huo umepotoka. Niliposoma hivyo nililia, sioni haya kusema. Nililia kwa ajili ya sentensi, maana kama ningekutana na yale maneno machache, "hawaichagui", nikiwa na miaka 16, sijui ningekuwa mtu gani.

Ila kwa upande mwingine, barua ya mwaka 1986 ambayo Kardinali Joseph Ratzinger aliwaandikia maaskofu juu ya huduma kwa watu wa aina yetu, barua ambayo wengi wetu tunaiogopa na kwa sababu, maana ndimo mwelekeo wenyewe ulipoitwa mpotoko, humo humo imeandikwa waziwazi kwamba mwelekeo huo si dhambi. Na humo humo inalaani ukatili wa maneno na wa vitendo dhidi yetu. Mwaka 1986 jamani! Mimi nilikuwa naungama wiki baada ya wiki kitu ambacho Roma ilishasema si dhambi kabla sijajua hata kusoma, na mapadri wote wale kabla ya yule mzee hakuna aliyeniambia.

Hilo neno kupotoka nalo nimelisumbukia sana. Wanateolojia watakwambia ni lugha ya Mtakatifu Thomas wa Akwino, kwamba kila tendo lina lengo lake na tendo lisiloelekea kwenye lengo lake limekosa mpangilio, siyo kwamba mtu mwenyewe ni mbovu. Nimeelewa. Lakini kijana wa miaka 16 hasomi Thomas wa Akwino, anasikia neno moja na anajua limesemwa juu yake. Alafu siku moja nikiwa naipekua tu Katekisimu nikafika namba 1753, sehemu inayoeleza kwamba nia njema haiwezi kulifanya jema tendo lililopotoka kwa asili yake, na mfano wanaoutoa pale unajua ni nini? Uongo na masingizio. Neno lile lile. Nikaifunga, nikakaa kitandani. Nilikuwa nimejikagua kwa neno hilo nusu ya maisha yangu kwa upande mmoja tu, na uongo wangu, ambao ndio nilioufanya kila siku kwa hiari yangu mchana kweupe, sikuwahi kuugusa.

Sasa nirudi kwa yule binti.

Tuliimba wote kwaya, yeye sauti ya pili mimi ya nne. Alikuwa anacheka kirahisi, mtu wa kukumbuka siku za kuzaliwa za watu wote. Tulikaa kwenye uchumba miezi 7 jumla, na kabla ya hapo karibu miaka miwili ya "tunaangaliana". Kila mtu alifurahi, mama yangu alifurahi mpaka akapungua ugonjwa, naongea kweli. Na mimi nilikuwa najifunza kumshika mkono kama mtu anavyojifunza lugha ya kigeni. Alikuwa akiniuliza, "Mbona uko mbali?" nasema nimechoka. Akabadilisha nywele, nasema umependeza. Akapungua mwili akidhani ndiyo shida, nami nikaliona hilo na nikanyamaza, hapo ndipo nikikumbuka hata leo naumia mbavu.

Baada ya yale maungamo sikuweza kuendelea. Lakini pia sikuweza kusema ukweli. Kwa hiyo nikamwambia nahisi wito wa upadri. Nilimwambia hivyo kanisani, mbele ya Sakramenti Takatifu, nikiamini nimetafuta njia isiyomuumiza. Angenijibu nini? Mpinzani wake nilimfanya Mungu. Alilia kidogo akasema, "Kama ni Yeye, siwezi kugombana naye," akaivua pete akaniwekea kiganjani na kukifunga kiganja changu kwa mikono yake miwili. Na seminari yenyewe nilijua haiko kwa ajili yangu, waraka wa Vatikano wa mwaka 2005 umeshasema wenye mwelekeo uliokita mizizi wasipokelewe. Yaani hata uongo wangu haukuwa na mlango wa kuingilia.

Aliacha kwaya baada ya mwezi. Miaka ikapita.

Nilikuja kumpenda mtu, kumpenda kweli, nikiwa na miaka 30. Sitaandika mengi juu yake kwa sababu ana maisha yake sasa. Tulikuwa pamoja miaka 4. Yeye alikuwa amefukuzwa kwenye kikundi cha vijana parokiani kwao baada ya kusingiziwa jambo, akaapa hatakanyaga tena kanisani, lakini kila Jumamosi usiku alikuwa ananinyooshea shati langu la Misa, kola kwanza, alafu vikwapa, alafu analitundika mlangoni. Hakwenda Misa, ila mimi nilikwenda na shati lililonyooshwa na yeye. Watu wakiniuliza hayo mapenzi yalikuwa nini, picha inayonijia ni hiyo.

Miaka hiyo 4 sikupokea Komunyo. Hakuna aliyenizuia, nilijizuia mwenyewe kwa kuwa najua Kanisa langu linafundisha nini na sikutaka kumwongopea tena Mungu usoni. Kwa hiyo kila Jumapili wenzangu wakisimama kwenda mbele mimi nageuza magoti pembeni ili wapite kwenye benchi. Hamuwezi kuamini ni vitu vingapi mtu anaona akiwa amegeuza magoti. Viatu vya watu. Wazee wanaoshika benchi kwa mkono. Na kabla tu ya hapo tumetoka kusema wote kwa sauti moja, "Ee Bwana, sistahili uingie kwangu, lakini sema neno tu na roho yangu itapona," wote tumesema hatustahili, alafu wote wamekwenda na mimi nimebaki. Sikuwa na hasira. Nilikuwa na njaa.

Kuna watu wataniambia pale pale ndipo ulipotakiwa kuondoka, mbona kuna makanisa mengine yanapokea. Najua yapo, na nawaombea heri waliopata amani huko. Mimi nilibatizwa humu, baba yangu alizikwa humu, na namwamini Yeye aliye kwenye kile kipande cha mkate kwa namna ambayo sijui kuihamishia sehemu nyingine. Sikai kwa sababu nimeshinda hoja wala kwa sababu nimeshindwa. Nakaa kwa sababu Yesu yupo humo.

Na mapapa? Julai 2013 Papa Fransisko akiwa kwenye ndege akitoka Rio de Janeiro alisema mtu akiwa gei na anamtafuta Bwana kwa nia njema, mimi ni nani nimhukumu. Dunia ikashangilia na wengine wakalia, na wachache ndio walisikia kwamba palepale aliitaja Katekisimu. Januari 2023 akahojiwa na shirika moja la habari akasema kuwa shoga si jinai, ila katika kueleza akatamka neno dhambi kwa namna iliyochanganya watu, ikabidi siku chache baadaye amwandikie padri Mjesuiti James Martin kufafanua kwamba alikuwa anakumbushia fundisho la kawaida la Kanisa, kuwa kila tendo la ngono nje ya ndoa ni dhambi. Niliposoma ile barua nilimkumbuka yule mzee nyuma ya wavu. Kumbe hata Papa anaweza kuteleza hapo hapo tulipoteleza sote, kati ya kuwa na kufanya, akarudi kupasawazisha.

Alafu tarehe 18 Desemba 2023 likaja lile tamko la Vatikano linaloitwa Fiducia Supplicans, kwamba padri anaweza kuwabariki watu wawili walio kwenye uhusiano wa namna hii, bila liturujia na bila kitu chochote kinachofanana na ndoa. Makelele yakawa makubwa mpaka Januari Vatikano ikabidi wafafanue kuwa ni baraka ya sekunde 10 au 15, na wiki hiyo iliyofuata maaskofu wa Afrika kupitia kiongozi wao Kardinali Ambongo wakasema kwao haitafanyika. Sitaki kulijadili sana. Nasema tu kwamba nilihesabu sekunde 15 kwenye saa yangu, nimekaa jikoni peke yangu, na nikaona ni nyingi. Ni muda wa kutosha mtu kuwekewa mkono kichwani. Yule aliyekuwa ananinyooshea shati hajawahi kuwekewa mkono na padri tangu walipomfukuza.

Tuliachana kwa sababu za kawaida ambazo watu huachana. Sasa nina miaka 41, naishi peke yangu mwaka wa 7 huu, napokea Komunyo. Kuna siku useja ni amani kabisa, nasali masifu ya asubuhi na moyo umetulia kama maji ya mtungini, na kuna usiku ni upweke tu, hauna jina lingine. Sitamwambia kijana yeyote kwamba njia yangu ndiyo yake. Na sitasema ile miaka 4 ilikuwa uchafu, kwa sababu mule ndani nilijifunza kuomba msamaha kabla ya jua kuzama, kumuuguza mtu, kusema kweli, vitu ambavyo sikuvijua nilipokuwa mchumba wa mtu na sifa zangu parokiani. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia nzima, ulisema mwaka 1965 kwamba dhamiri ni patakatifu pa mtu, anapokuwa peke yake na Mungu. Mimi hapo patakatifu pangu nimeingia na vitu vyote viwili, fundisho la Kanisa na zile mashati zilizonyooshwa, na Mungu hajaniambia nitoe kimojawapo nje ndiyo nibaki.

Kanisa ninalilaumu kwa jambo moja na nalisema nikiwa ndani. Linatuambia hapana kwa sauti kubwa, na ndiyo yake ni ya kunong'ona. Ule urafiki unaotajwa kwenye 2359 uko wapi? Nani anamwalika gei mseja wa parokia nyumbani kwake Jumapili mchana? Mnamwachia mtu msalaba alafu mnaogopa kukaa karibu naye. Towashi wa Kushi kwenye Matendo ya Mitume sura ya 8 alimwuliza Filipo swali moja, "Ni nini kinachonizuia nisibatizwe?", na Filipo alikuwa ameshapanda garini mwake, amekaa naye, wamesoma pamoja. Alipanda kwanza.

Mama yangu alijua nikiwa na miaka 35. Nilimwambia akiwa anasali rozari, sikupanga, maneno yalitoka tu. Hakuniangalia. Alibaki ameshika punje moja, haendi mbele harudi nyuma, muda mrefu, mpaka nikadhani hajasikia. Kisha akasema, "Nimekuombea tangu una miaka 14. Nilikuwa naona kitu kinakutesa ila nilikuwa sijui naomba nini." Akaendelea na Salamu Maria kutoka kwenye punje ile ile, na nilimwitikia. Hatujaongea tena sana kuhusu hilo, ila tangu siku hiyo akinitaja mbele za watu haongezi tena "bado hajaoa". Anasema tu mwanangu.

Kwaresima iliyopita nikaenda kuungama. Padri alikuwa kijana, mdogo kwangu kwa umri. Nikapiga magoti na kwa mara ya kwanza nikaanzia kule: Padri, nilimchumbia binti wa watu ili nijifiche, nikamwona anateseka nikanyamaza, na nilipotaka kumwacha nikalitumia jina la Mungu. Imepita miaka 14. Yule kijana hakusema kitu kwanza. Alafu akauliza, "Na yeye anajua?"

Nikamwambia hapana.

"Basi unajua malipizi yako," akasema, akaninyoshea mkono. "Nami nakuondolea dhambi zako kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu."

Namba yake niliipata kwa mtu wa kwaya ya zamani. Ana mume na watoto watatu. Nilimpigia Jumatano, nikamsalimia, akanitambua kwa sauti kabla sijajitaja, akasema "Tumsifu Yesu Kristo" kama tulivyokuwa tunasalimiana zamani, nikaitikia. Nikamwambia sikuwa na wito wowote. Nikamwambia mimi ni nani, na kwamba nililijua hilo kabla ya pete, na kwamba namwomba msamaha.

Nyuma yake watoto walikuwa wanagombania kitu. Nikasikia anatembea, mlango ukafungwa, kelele zikaisha.

"Kwa hiyo haikuwa mimi," akasema.

Nikasema haikuwa wewe.

"Nilidhani nina kasoro. Miaka yote. Hata huyu mume wangu alipata shida kuniambia nimependeza nikamwamini." Sauti ikakatika kidogo, nikasikia anapumua. "Hebu rudia tena. Taratibu."

Nikarudia.